Jina Lililozidi Herufi Moja

Pale kwenye mtambo wa kusafisha maji walimwita Bi Funguo, kwa kuwa hakuna aliyeingia kwenye kompyuta za kituo bila kupitia kwake. Mashine kuu iliendeshwa kwa mfumo wa Linux, naye aliijua kama mtu ajuavyo jiko lake.

Asubuhi moja alimfungulia akaunti binti aliyeajiriwa kusimamia pampu. Binti akaandika jina, akaandika nywila. Skrini ikameta, ikamrudisha mlangoni.

"Dada, hii mashine hainitaki."

"Itakutaka tu. Ngoja."

Nywila ilikuwa sahihi. Folda yake ilikuwepo, tena kwa jina lake. Kasoro ilikuwa kwenye programu inayompokea mtu akishaingia: mahali pake iliwekwa ile ya kumfungia nje. Bi Funguo akajilaumu kwa haraka zake, akarekebisha. Binti akaingia. Hata chai haijapoa, akatupwa nje tena, kwa kasoro ileile.

Hapo akajua kosa si lake. Kompyuta haighairi, anayeghairi ni mtu.

Akatafuta nani mwingine ana mamlaka ya kubadili akaunti. Akakuta jina kama la huduma za kawaida za mashine, ila limezidi herufi moja. Hakuliweka yeye, na muda huohuo lilikuwa ndani, likifanya kazi. Akaanza kuandika amri ya kulitoa. Kabla hajamaliza, dirisha lake likafungwa. Akaingiza nywila yake: si sahihi. Akarudia polepole: si sahihi.

Akaenda kwa mkuu wa kituo, kwa mwendo wa kawaida ili asiwashtue watu.

"Mzee, nachomoa kebo za mtandao."

"Na dawa ya maji itapimwa na nani?"

"Na sisi, kwa mkono. Kuna mtu kwenye mashine, na sijui anataka nini."

Mkuu akavua miwani. "Chomoa."

Bi Funguo akachomoa, akaiwasha mashine kwa njia ya dharura, akabadili nywila yake, akalifuta lile jina. Ndipo akaona lilichokuwa likipanga: klorini, ile dawa ya maji, ipandishwe jioni ile hadi kiwango cha sumu. Zamu ya jioni ilikuwa ya yule binti. Aliyemfungia nje hakutaka awepo wa kuona.

Mji ukanywa maji yake, haukujua lolote. Wachunguzi walikuja wakasema mtu huyo aliingia kupitia kompyuta ya chumba cha mapumziko, inayotumiwa na kila mfanyakazi. Zaidi ya hapo hawakupata kitu.

Bi Funguo bado yupo kazini. Wenzake humuuliza ameamkaje, naye huwajibu salama, akiwatazama uso mmoja baada ya mwingine. Nyumbani, mwanawe akiomba maji, huinusa glasi kwanza.

"Utazeeka kabla ya siku zako, mama watoto," mumewe humwambia.

Yeye hunusa tena, ndipo humpa mtoto.