Breki za Kukanyaga Mara Mbili

Fundi wa magari wa stendi ya Kawangware 56 aliniambia niweke breki kubwa zaidi, maana gari langu ni kuukuu na zito. Nilimfokea. Dawa yake nilikuwa naijua: ukikanyaga mara mbili, zinashika.

Lakini hapa mtaani Kisumu Ndogo, ukiwa na gari kubwa, wafiwa wanaliomba na hukatai. Asubuhi moja shemeji yangu alilichukua kupeleka watu mazishini, huko ziwani. Nilimwonyesha mlango unaokwama, taa, hata redio. Nilipokumbuka kwamba sikumwambia lolote kuhusu breki, lazima walikuwa wameanza kuteremka ule mteremko mkali wa Mai Mahiu. Nikampigia simu. Nikampigia na mke wangu, aliyekaa kando yake. Wote mteja hapatikani.