Pole Iliyomkuta Dukani

Juzi nilikuwa dukani Zinga, mbele yangu mama mmoja ananunua sukari. Muuzaji, binti wa hapohapo mtaani, akainua uso kutoka kwenye simu.

"Pole mama, kwa msiba wa mwanao."

"Msiba gani?"

"Jamani! Si wameshamposti huku?"

Mama akairudisha sukari juu ya meza, taratibu, akaketi sakafuni.

Kwetu habari ya kifo huletwa na wazee, na wanakukalisha kwanza. Wazee walikuwa bado njiani.

Sikatai, simu hizohizo ndizo zilizowawahisha ndugu wa Mkange mazikoni. Lakini wewe uliyeposti picha ya marehemu kabla mama yake hajaambiwa, ulikuwa unawahi wapi? Pole zote ulizopokea mtandaoni zilikuwa za yule mama. Mpelekee.