Risasi Iliyotoroka na Moshi

Jepchirchir alikuwa mpima maji asiyependa kuharakishwa. Alitoka Eldoret kuja Juba mwaka 2008, na mashine yake ya maabara aliilea kama mgonjwa. Ukimtajia haraka, loo, umemtukana!

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: tone moja la maji hutiwa ndani ya mrija mweusi wa grafiti, mfupi kuliko kidole, kisha umeme huupasha moto kwa hatua. Kwanza moto mdogo, tone likauke bila kurukaruka. Pili moto mkali zaidi, uchafu uungue na kuondoka. Ndipo mrija huwaka mweupe ghafla, na madini ya risasi yaliyobaki, ndiyo sumu inayotafutwa, huwa mvuke. Taa maalumu humulika humo. Kadiri mwanga unavyomezwa, ndivyo risasi ilivyo nyingi.

Sasa, siku ya kupima kisima cha mtaa wa Hai Mauna, jenereta lilikuwa linakohoa, na maji yale ya chumvichumvi yalifuka moshi kweli kweli. Akaongeza moto wa hatua ya pili ili amalize upesi. Mashine ikasema safi. Akatia sahihi, akaenda mwenyewe kuwatangazia akina mama, nao wakapiga vigelegele.

Wiki mbili nzima jambo lile la kuongeza moto lilimkereketa. Mwishowe akachukua maji yaliyobaki kwenye chupa, akayatia risasi kwa kipimo anachokijua, akapima kwa moto uleule. Karibu yote ilipotea! Akashusha moto, akarudia polepole. Ikaonekana yote, na ile ya kisima pia, mara tatu ya inayoruhusiwa. Kumbe ilikuwa ikitoroka na moshi kabla ya kupimwa. Aibu ilimshika hadi masikio yakamwaka. Hakungoja gari la ofisi. Akapanda boda boda.

Teresina, mama aliyerudi kutoka Uganda na ndiye mshika ufunguo wa pampu ya kisima kile, alimkumbatia. "Daktari! Karibu, mwanangu, keti." Akamletea kikombe cha maji, kama aletewavyo kila mgeni. Kando yake Night, mkwe wake mjamzito, alikuwa anakunywa chake.

"Mama, msinywe haya. Yana sumu. Nilikosea mimi."

Teresina alicheka, akidhani ni utani. "Si wewe mwenyewe ulisema maji iko safi?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Teresina akampokonya Night kikombe. Night alishika tumbo lake, akamtazama Jepchirchir bila hasira.

"Mimi nilikuwa nakunywa ya mto, nachemsha," alisema. "Niliacha juu ya maneno yako."