Mbwa Aliyemsikilizia Mama

Mama yangu alipoteza usikivu polepole, baada ya homa iliyomlaza msimu mzima wa mvua, na aliificha hali hiyo kwa ustadi ambao mpaka leo unaniudhi na kunichekesha. Nyumba yake ni ya mwisho kijijini kwetu, upande wa Mwazye, pale mashamba ya ulezi yanapoishia na bonde kuanza. Tangu baba afariki alikaa peke yake na mbwa mmoja wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Mtu akija njiani, mbwa alimfuata mama popote alipo, akamgusa goti kwa pua, kisha akageukia upande mgeni anakotokea. Mama alifunga vizuri kitenge chake akatoka kukaribisha kabla mgeni hajapiga hodi. Watu walimsifu kwamba umri umekwenda lakini masikio bado makali. Mimi peke yangu nilijua masikio hayo yana miguu minne.

Ukizungumza naye alikutazama usoni, akangoja unyamaze, akasema, "Eeh, nimesikia." Kwenye simu ndiyo usiseme. Nilimuuliza kama amekunywa dawa, akanijibu kuwa mahindi yamestawi.

Mimi nashona sare za shule mjini Sumbawanga, na nilikuwa nimemwomba ahamie kwangu hadi nikachoka. Aliniambia kuna shamba, kuna kaburi la baba, na isitoshe ana mbwa. Hiyo ya mbwa ndiyo iliyokuwa hoja yenyewe, na sote wawili tulijua. Mbwa akiwepo, mama angeweza kuishi kwake kama mtu mzima mwenye akili zake. Mbwa akitoweka, angekuwa kikongwe asiyesikia mlango.

Kwa hiyo niliposikia kwamba kuna mnyama anakula mbwa wa kijiji, niliogopa kweli.

Alianza kwa jirani yetu Msukuma, mfugaji aliyehamia bondeni na ng'ombe wake miaka kadhaa iliyopita. Jirani alikuta kamba ya mbwa wake imekatika na majani yamelazwa kuelekea mtoni. Aliyefuata kuliwa ni mbwa wa katekista, kisha wa mwenye duka. Wengine walisema ni chui kapanda kutoka misitu ya kule mteremko mkali unakoshukia ziwani. Wengi walisema ni fisi. Na kwa kuwa huku ni Ufipa, hawakukosekana walionong'ona kwamba fisi huyo ana mwenyewe, mchawi anayemfuga, na kwamba analala ndani na kula ugali. Nilimwambia mmoja wao kwamba fisi mwenye ugali wa bure hana haja ya mbwa wa katekista.

Nilipanda basi kwenda kumwona mama. Nilimwandikia kwa kidole kwenye vumbi la uani, maana kupiga kelele alikataa: MBWA ALALE NDANI. Akasoma, akafuta kwa mguu haraka mtu asije akaona. Tangu siku hiyo mbwa alilala jikoni, karibu na mafiga, na alfajiri mama alimfungulia.

Nikiwa bado pale, ndama wa jirani aliuawa. Kikao kikaitwa kwenye ofisi ya kijiji na mimi nikaenda badala ya mama. Watu wa wanyamapori walikuwa wamepigiwa simu, wakasema watakuja gari likipatikana. Gari halikupatikana. Jirani Msukuma alisimama akasema kwa upole, "Ndugu zangu, mimi ndama wangu ameshakufa. Kama mzoga unafaa kitu, chukueni." Kila mtu alielewa anasema nini, na nusu ya kikao ilitazama chini. Katekista alisema sumu haichagui. Tuliachana bila kukubaliana, na mimi nikarudi mjini kwa sababu shule zilikuwa karibu kufunguliwa na vitambaa vilinisubiri.

Walikubaliana baada ya mimi kuondoka. Mzoga ukapakwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, ukapelekwa bondeni. Mgambo wa kijiji, baba wa watoto wakubwa na mtu mstaarabu sana, akapita jioni nyumba kwa nyumba na kipaza sauti: kila mwenye mbwa amfunge mpaka atakapoambiwa vinginevyo.

Alfajiri mama alimfungulia mbwa wake kama kawaida.

Mke wa jirani ndiye aliyenipigia. Alisema, "Dada, njoo. Mbwa wa mama ameanguka penye ghala la ulezi, na mama anatafuta jeraha la nyoka." Nilipofika mbwa alishazikwa. Mama alikuwa ameketi kizingitini, ameukabili mlango wa uzio, na hakunyanyua macho kutoka njiani hata nilipokuwa nampa shikamoo. Bondeni walikuta kunguru wawili wamekufa karibu na mzoga. Fisi hakuonekana, mzima wala mfu.

Dukani nilimsikia mama mmoja akisema, si kwa siri, "Aliambiwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Nilitoka bila kununua chumvi niliyoijia, kwa sababu ningebaki ningetukana.

Mchana wake mgambo alikuja kutoa pole. Aliingia uani akachutama mbele ya mama, akapiga makofi taratibu kama tunavyowasalimu wakubwa, macho chini. Akaongea kwa sauti ya mtu aliye kanisani. Mama alimtazama, akaona midomo imetulia, akasema, "Eeh, mwanangu, nimesikia."

Nikamvuta pembeni. "Siku ile ulimwambiaje?"

"Hivi hivi dada. Kule kwingine nilikuwa natangaza na kipaza sauti. Nilipofika kwenye uzio wa mama nikakizima. Nikaingia, nikachutama, nikamweleza kila kitu. Akasema eeh, nimesikia."

"Mbona ulikizima?"

Alinishangaa. "Ningempigia mama kelele? Huyu amenifundisha sala mimi. Heshima si utumwa, dada."

Hasira yangu ilikosa pa kwenda. Ningemwambia nini? Kwamba angekosa adabu kidogo tu, mbwa angekuwa hai? Angeniuliza kwa nini, na jibu halikuwa langu kulitoa. Nilimshukuru kwa kuja. Aliondoka akitembea kinyumenyume hatua chache, kama ilivyo desturi kwa watu waliolelewa vizuri, na kipaza sauti chake kikimning'inia begani.

Mama alingoja apotee njiani. "Yule alikuwa anasemaje?" akaniuliza. "Nimeona amehuzunika. Kuna msiba kwao?"

Nilitafuta vumbi la kuandikia, lakini uani palikuwa pamemwagiwa maji. Nikamwinamia sikioni nikapaza sauti, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kumpigia kelele mama yangu mzazi. Nilimwambia kwamba haikuwa nyoka. Nilimwambia kuna sumu bondeni, kwamba mgambo alikuja kumwonya, kwamba alimwonya kwa sauti ndogo na yeye akamjibu amesikia. Ilinibidi kurudia neno sumu. Kwa jirani, mwanamke aliyekuwa anapepeta ulezi alisimamisha ungo akatutazama.

Mama alimwona. Akashusha kitenge kichwani mpaka kikafunika masikio yote mawili. Sijawahi kumwona na aibu kama ile, hata siku tuliyomzika baba na jeneza likaja fupi. Nililia. Yeye hakulia. Alikaa hivyo mpaka jirani akarudia kupepeta.

Kisha akaingia ndani. Nilimkuta anakunja blanketi, ameshaweka rozari yake na picha ya baba juu ya kitanda.

"Nitakwenda na wewe mjini," alisema, bila mimi kumwomba chochote. "Lakini watakuuliza."

Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, wataniuliza.

"Waambie nimemkimbia fisi."