Mzee Hamoonga Atafuta Ua

Mutinta, muuguzi, alipohamishiwa Lusaka alikataa kumwacha baba yake mjane peke yake kule Choma. Mzee Hamoonga akakubali kuhama, ila akasema, "Mimi sikai kabatini, mwanangu. Nataka ua wa kupanda maboga na watu wa kusalimiana nao."

Jumamosi wakaenda na dalali kutazama nyumba. Ghorofa iliyokuwa jirani na hospitali ilikuwa na lifti na vigae vinavyong'aa. Mzee alisalimia watu wanne kwenye ngazi, akaitikiwa na mmoja, naye alikuwa na simu sikioni.

"Huyo amemjibu wa kwenye simu," mzee akanung'unika.

Alasiri walifika mtaa wa Chilenje, kwenye kijumba cha zamani chenye ua mpana. Bati lilikuwa na kutu na bomba la jikoni lilivuja. Mutinta alipokuwa akiguna, baba yake akatoweka. Alimkuta kwenye uzio, akibishana na jirani, mama wa Kilozi, mtani wa jadi wa Watonga kama mzee, aliyekuwa akichuma majani ya maboga.

"Mtonga gani wewe, hujui hata kupalilia?" mama yule alimtania.

"Mlozi anifundishe kilimo? Nyinyi si mmezoea samaki tu!"

Mzee alicheka mpaka akashika uzio. Mutinta hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu mama yake afariki. Akamgeukia dalali.

"Bomba mtalitengeneza?"

"Wiki hii hii, dada."

"Basi tunaichukua."

Mvua za kwanza zilipoanguka, mzee alikuwa ameshalima ua wote, na kila asubuhi jirani alikuja kumkosoa.