Abednego wa Kibara, fundi aliyeulizwa mbele ya wageni akajibu "Bado"

Abednego Machibya amelala chali chini ya mtumbwi, shavu nusura liguse ubao. Mkono wa kushoto umeshika patasi butu, wa kulia nyundo ya mti. Anagonga mara nne, anasimama, anapitisha kidole kwenye ufa, kisha anagonga tena mara nne.

Ni saa moja na robo asubuhi, ufukweni Kibara, wilayani Bunda. Wanawake wanaoanika dagaa hatua chache kutoka hapo wanaongea kwa sauti ya chini. Hawajagombana na mtu. Wamezoea tu kwamba fundi akiwa chini ya mtumbwi, redio haifunguliwi.

"Huyu ukimsemesha katikati anaanza upya," anasema Brenda Mseti, mmoja wa waanikaji hao. "Mimi nilimsalimiaga kazini mara moja. Akachomoa pamba yote aliyokuwa ameingiza. Siku hizi salamu yangu naitunza mpaka saa nne, akitoka kunywa uji. Na hapo anaijibu yote, mpaka ya watoto."

Kazi ya Abednego ni kalafati. Anasokota nyuzi za pamba, anazipaka mafuta, anazishindilia kwenye nyufa kati ya ubao na ubao ili maji yasiingie. Pamba yenyewe inatoka shambani kwa shangazi yake kule Buswahili, wilaya ya Butiama, na mama yake ndiye anayeichambua mbegu kwa vidole.

Ana miaka 27. Ana usonji, hali ambayo mtu huzaliwa nayo, inayofanya ubongo wake upokee sauti, maneno na mabadiliko kwa namna tofauti na wengi. Alianza chuo, akakiacha katikati.

Jumatatu ijayo anaondoka kwenda Bukima, Musoma Vijijini, ambako kikundi cha wavuvi kimempa mitumbwi mitano. Itakuwa mara ya kwanza kulala nje ya kijiji chake tangu arudi kutoka chuoni miaka sita iliyopita. Ufukweni wapo wanaosema ataweza. Wapo pia wanaosema Jumatano hataiona akiwa huko.

Mama yake, Tabitha Kwangu, mwenye miaka 58, ni mjane anayelima pamba na mihogo. Anasema mwanawe alichelewa kuongea, na alipoanza hakuwa mtu wa maneno ya kupoteza.

"Kengele ya kanisa ikilia alikuwa anaziba masikio anakimbia," anasimulia. "Watu wakasema ana pepo, anaikimbia kengele ya Bwana. Nikampeleka aombewe, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu mchungaji Silasi akaniambia, mama Abednego, huyu mtoto anasimama nje ya dirisha ibada nzima, ukimuuliza mahubiri anakurudishia yote. Sasa ni pepo gani hilo linalosikiliza neno? Nenda naye nyumbani, mama, umpe chakula."

Shuleni hesabu alizipenda, na kidato cha nne alifaulu. Kaka wa Tabitha, Makongoro Kwangu, mvuvi mwenye mitumbwi mitatu, akauza maksai wawili ili kijana aende kusomea uhasibu katika chuo kimoja mjini Musoma. Hakuna aliyemlazimisha Makongoro. Alikuwa na hakika kwamba mtu anayejua hesabu hawezi kukosa ofisi.

Hosteli walilala wanane chumba kimoja. Mmoja alikuwa na spika, mwingine alilala taa ikiwaka. Darasani kulikuwa na presentesheni, mwanafunzi anasimama mbele ya wenzake sabini na kujieleza. Abednego alisimama mara mbili na mara zote mbili maneno hayakutoka. Wenzake walicheka. Mwalimu alimwambia ajiamini.

"Nilikuwa najua jibu," anasema Abednego, macho kwenye nyundo yake. "Lilikuwa kwenye daftari. Nikawaambia wasome daftari."

Kilichomtoa ni mtihani wa muhula wa tatu. Karatasi ya ratiba aliyopewa iliandikwa chumba namba sita, saa tatu asubuhi. Asubuhi hiyo wakahamishiwa ukumbini, na tangazo likatolewa kwa mdomo kwenye foleni ya chai, mahali ambapo Abednego hakuwa akienda kwa sababu ya kelele za vikombe. Alikaa chumba namba sita peke yake, kalamu mezani, kuanzia saa tatu mpaka saa sita. Akaandikiwa kwamba hakuhudhuria.

"Karatasi ilisema chumba namba sita. Mimi nilihudhuria," anasema. "Walipokataa nikaona hapa sitaweza kujua lini wanasema kweli. Nikachukua begi."

Tabitha alimwona akija njiani siku hiyo jioni. "Sikumuuliza kitu. Nilivyomwona anavyoshika mlango nikajua. Nikapika ugali. Alikuja kuula siku ya tatu."

Makongoro hakukanyaga nyumba ya dada yake miezi minne. Vijana wa ufukweni wakampa kijana jina, Mwanachuo, wakawa wanamwita hivyo kila akipita. Naye, kwa kuwa hakuwa mwanachuo tena, hakuitika, jambo lililowafanya wacheke zaidi.

Mwaka uliofuata muuguzi mmoja kutoka Butiama alikuja kusali Kibara, akamwona kijana amesimama dirishani, akamshauri Tabitha amfikishe kwa daktari Mwanza, safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Huko ndiko neno usonji lilipotajwa kwa mara ya kwanza.

"Yule daktari alimuuliza yeye, siyo mimi," anasema Tabitha. "Nusu saa nzima anamuuliza yeye na kungoja ajibu. Mimi nimekaa pembeni nalia kimya kimya, maana miaka yote watu walikuwa wananiuliza mimi."

Na Abednego mwenyewe? "Nilifurahi ina jina. Kabla ya hapo majina yalikuwa mengi, yote ya matusi."

Ufundi aliupata kwa mzee Ryoba Wanzagi, ambaye kwa miaka arobaini ndiye aliyeziba mitumbwi ya Kibara. Mzee anakumbuka kijana alikuja akakaa juu ya jiwe, akawa anamtazama kila siku, wiki tatu, bila neno.

"Nikadhani ametumwa kuangalia nitakufa lini wachukue vifaa," anasema mzee Ryoba huku akicheka. "Siku ya ishirini ndiyo akaongea. Akasema, mzee shikamoo, kule nyuma umeruka. Mimi nikamjibu vibaya. Usiku nikakosa raha, asubuhi nikaenda kuangalia. Kweli nilikuwa nimeruka, upana wa kiganja. Nikamwambia njoo ushike nyundo."

Anasema alimfundisha jambo moja kwa siku, kwa sababu mawili yalimchanganya. Ilichukua miaka miwili. "Lakini ukimpa moja limeingia, halitoki."

Mwaka jana, macho ya mzee yalipoanza kuingia ukungu, Makongoro alikuwa anaunda mtumbwi wake wa nne, wa mita tisa. Dada yake alimsihi ampe Abednego kazi ya kuuziba. Makongoro akakubali kwa shingo upande. Alisema wazi, mbele ya mzee Ryoba, kwamba mtumbwi huo ukiingia ziwani vizuri kijana atapewa na ile mingine mitatu. Ukileta aibu, basi, asimwone tena karibu na mbao zake. Maksai wawili walikuwa wanatosha.

Uzinduzi ukapangwa Jumamosi. Wageni wakaja kutoka Bunda mjini na Buswahili, mchungaji akaalikwa, masufuria ya wali yakawekwa jikoni tangu alfajiri.

Kibara wana desturi yao. Kabla mtumbwi haujasukumwa majini, mwenye mtumbwi humuuliza fundi kwa sauti, watu wote wakisikia, "Fundi, mama yako anapanda?" Fundi hujibu, "Anapanda," vigelegele vinapigwa, watu wanasukuma. Ni maneno ya sherehe. Hakuna anayekumbuka fundi aliyewahi kujibu vingine.

Makongoro, amevaa koti, akauliza.

Abednego akautazama mtumbwi, akamtazama mama yake aliyekuwa amesimama na wanawake wenzake, akasema, "Hapana. Bado."

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Makongoro akauliza mara ya pili, sasa bila tabasamu. Jibu likawa lile lile.

"Mjomba, unaniaibisha mbele ya wageni," akasema Makongoro.

"Mjomba, umeniuliza."

"Si ungesema mapema?"

"Asubuhi nilikwambia ukiwa kwenye simu. Ukasema sawa sawa."

Kilichotokea ni hiki. Ijumaa mchana Abednego alikwenda nyumbani kula, akiwa amebakiza urefu wa hatua mbili upande wa kushoto, chini. Fundi wa rangi kutoka Bunda akafika, akaona muda unakwenda, akajaza ule ufa kwa puti tupu, ile rojo ya kusawazishia mbao, bila pamba, na kupaka rangi ya bluu juu yake. Abednego aliporudi akakuta ubavu mzima wa mtumbwi unang'aa, na fundi wa rangi ameshaondoka.

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema Tabitha. "Nikasema moyoni, Bwana, mwanangu huyu ndiyo basi tena. Angesema tu anapanda. Hata mimi ningepanda, nife, yeye abaki na kazi."

Mzee Ryoba ndiye aliyesogea. Akapapasa kwa vidole pale alipoonyeshwa, akaomba kisu cha jikoni. Kisu kikazama mpaka kwenye mpini. Akakichomoa, akakirudisha kwa mpishi.

Makongoro alikaa kwenye gogo. Kisha akasimama, akavua koti.

"Wageni wangu, wali upo, karibuni mle," akasema. "Mtumbwi bado. Fundi amesema."

Watu wakala. Abednego akakwangua rangi, akatoa puti, akaanza kushindilia pamba. Mtumbwi uliingia majini Jumanne, bila wageni, bila masufuria. Makongoro aliuliza swali lake hata hivyo, na safari hii jibu lilikuwa ndiyo. Tabitha, ambaye alizaliwa kando ya ziwa na hakuwahi kuingia ndani ya mtumbwi, akapanda. Alishika ukingo kwa mikono miwili mpaka waliporudi.

Makongoro alimpa mpwa wake ile mitatu mingine. Ukimuuliza kuhusu chuo anajibu polepole. "Nilikuwa nasemaga maksai wangu wamezama Musoma. Nimewatangazia watu wengi maneno hayo. Sasa nikikutana nao nawaambia waje waone nyufa zilivyofungwa."

Habari ya fundi aliyekataa mbele ya wali ilivuka maji. Kwa mtumbwi wa mita tisa Abednego anapokea shilingi laki moja na ishirini elfu na anachukua siku sita. Wengine wanamaliza kwa siku tatu. "Wanasema nachelewa," anasema. "Ni kweli, nachelewa."

Benson Nyangi, mwenyekiti wa kikundi cha Bukima, alikuja mwenyewe kumwona. Alitarajia kupatana bei. Badala yake akapewa karatasi yenye masharti. Fundi alale chumba cha peke yake. Asiwekewe muziki karibu akiwa kazini. Siku ikibadilika aambiwe siku mbili kabla, kwa maandishi. Mtu asipake rangi mpaka yeye aweke alama ya mkaa kwenye ubao.

"Nilizoea mafundi wanaotaka bia kabla hata ya kushika nyundo," anasema Benson. "Huyu anataka kimya na chumba. Nikaona mbona ni rahisi. Tulisaini pale pale. Nyumbani wakaniuliza, sasa huyo mwenye usonji atawasiliana vipi na watu? Nikawaonyesha karatasi. Nikawaambia, nyie wenyewe mmeshawahi kuniambia mnachotaka wazi hivi?"

Mama yake Abednego hajalala vizuri tangu karatasi hiyo isainiwe. Alijitolea kwenda naye ampikie. Abednego alikataa, akaomba jambo jingine, kwamba aruhusiwe kujizoeza. Wiki tatu sasa amekuwa akilala kwenye kibanda cha mzee Ryoba, mwendo wa robo saa kutoka nyumbani. Usiku wa kwanza alirudi kwa mama. Wa pili na wa tatu alirudi. Usiku wa nne alilala huko mpaka kulipopambazuka, na hajarudi kulala nyumbani tangu siku hiyo.

"Mimi ndiye niliyekuwa naamka kuchungulia kama anakuja," anasema Tabitha. "Naomba, nalala, naamka. Sasa nimeanza kuzoea. Kumbe na mimi nilikuwa najizoeza."

Abednego anataka, Bukima ikimpokea, aendelee kuufuata ufukwe, kijiji kwa kijiji, mpaka Musoma mjini. Anasema mji ule hana kinyongo nao, kwa kuwa nao una mitumbwi. Kwa fedha ya kazi hii ataweka banda lake la ufundi Kibara, la nyasi, siyo bati, kwa sababu mvua ikinyesha bati linapiga kelele. Makongoro anabisha kwamba fundi wa hadhi yake anastahili bati. Bado wanabishana.

Anaulizwa kama anadhani atamaliza mitumbwi yote mitano huko ugenini. Anaweka nyundo chini.

"Kama nitaweza sijui, sijafika," anasema. "Kwenda, nitaenda."