Mwite Mdogo Wako

Kila mahafali shuleni kwetu, risala ya wahitimu huanza na historia, na mimi nimeshaikariri: shule ilianza na madarasa mawili, wazazi wakafyatua tofali, wanafunzi wakabeba mchanga kwa ndoo kutoka mtoni, na kengele ikawa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini. Rimu bado ipo. Halafu yanatajwa mabweni, maabara, umeme, wageni wanapiga makofi, tunakula pilau. Mwaka huu waliongeza jambo: kwamba sasa tunawapokea wasichana waliojifungua, na wanamaliza masomo. Mkuu wa shule akanitaka nisimame, maana kazi hiyo ni yangu. Ningependa kusema nilisimama kwa aibu, lakini nilisimama kwa raha zangu zote na kupunga mkono juu.

Mimi ni mwalimu mlezi wa wasichana, na ni mtu wa mdomo. Wenzangu ofisini huniita waziri kwa jinsi ninavyopenda kutoa maagizo. Msichana wa kwanza aliyerudi baada ya kujifungua nilimpokea kwa mikono miwili, nikadhani yameisha. Bwenini wakampachika jina, Mama Watoto. Akipanga foleni ya makande wanapiga kelele aongezewe, ananyonyesha. Hakumaliza muhula. Siku alipoondoka nililia, kisha nikakasirika, na mimi nikikasirika natunga sheria.

Kwa hiyo alipopatikana wa pili, binti wa wafugaji wa Kisukuma huko Kasekese, nilipanda bodaboda kwenda kwao nikiwa nimejiandaa. Baba yake alikuwa ameshaanza mazungumzo ya ng'ombe na mtu aliyetaka kumwoa. Niliongea mpaka koo likanikauka, wakanipa mtindi, nikaongea tena. Mzee akakubali. Mtoto, wa kiume, alikuwa ndiyo kwanza anatambaa, na tulikubaliana abaki na bibi yake. Hapo ndipo nikatoa agizo langu.

"Mtoto mfundisheni kumwita huyu dada," nikasema. "Na wewe mwite mdogo wako. Bibi ndiye mama. Siyo shuleni tu, hata hapa nyumbani, likizo na siku zote, asije akateleza siku ya kutembelea wanafunzi."

Mama yake alinitazama kidogo. "Haya, mwalimu. Nyie ndo mnajua."

Binti alikuwa anamnyonyesha huyo mdogo wake.

Mpango ulifanya kazi vizuri mno. Wiki za mwanzo matroni alimkuta bombani alfajiri akifua blauzi iliyolowa maziwa kifuani, na mimi nilishamwelekeza aseme amemwagikiwa na uji. Alisema hivyo. Akasoma, akapanda darasani, akachaguliwa kiranja wa usafi, akawa mkali wa mifagio kuliko hata mimi. Siku za kutembelewa wazazi wanatandika kanga chini ya miti, mahotipoti yanafunguliwa, chapati zinagawanywa, na yule mtoto anakimbia kati ya wasichana wakimbeba zamu kwa zamu. "Jamani, mdogo wako mmefanana!" wanamwambia. Nikipita karibu namkonyeza. Naye anatabasamu, na mimi nikaliona tabasamu lile kuwa shukrani.

Kwenye mahafali yale niliyopunga mkono, ulifika wakati wa ndugu kutoka wakicheza kwenda kuwavisha wahitimu mashada. Kwao walimtuma mtoto. Alivuka uwanja peke yake na shada la maua ya plastiki linaloburuta vumbi, na mshereheshaji akapaza sauti, "Dogo huyo, anamtunza dada yake!" Watu wakacheka, wakapiga vigelegele. Binti akainama avishwe. Akabaki ameinama, shada limeshaingia shingoni, mtoto ameshageuka anarudi kwa bibi yake, yeye bado ameinama. Mimi nilikuwa meza kuu, na pilau likanishinda.

Siku ya mtihani wa mwisho wa kidato cha nne mama yake alikuja na mtoto kumchukua, wakamsubiri getini. Wenzake walikuwa wanamwagiana maji na unga na kuandikana kwenye mashati. Yeye alikuja mlangoni kwangu akiwa msafi.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Hongera, mwanangu, umemaliza."

"Asante madam. Sasa ninaruhusiwa kumwambia?"

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, nilitamani sakafu inimeze. Agizo nililitoa mimi, na kumbe sikuwahi kusema linakoma lini. Muda wote huo alikuwa anasubiri ruhusa yangu, kama anavyosubiri ruhusa ya kwenda zahanati. Nikasema ndiyo, nikasema haraka haraka, nikamfuata hadi getini.

Alichuchumaa mbele ya mtoto. "Mimi ndo mama yako," akamwambia. "Mimi ndo nilikuzaa."

Mtoto akacheka, akamtazama bibi yake ili naye acheke. Hakuna aliyecheka. "Siyo," akasema. "Wewe dada." Binti akanyoosha mkono amshike, naye akaangua kilio, akajificha kwenye kanga ya bibi, anaita mama, mama. Bibi alisita, akanitazama mimi, kisha akainama akambeba.

Najua la kujitetea. Bila mimi angekuwa ameshaolewa, na cheti asingekiota. Lakini lile neno, "hata hapa nyumbani", lilikuwa la nini? Nani bwenini angesikia yanayosemwa Kasekese? Nililiongeza kwa sababu nilikuwa naongea na wananisikiliza, basi. Nimelirudia kichwani mara nyingi na sioni sababu nyingine.

"Atazoea," nikamwambia binti.

"Ndiyo madam," akajibu kwa heshima ileile. "Hata mimi nilizoea."

Akajitwika tranka lake wakaondoka. Nilisimama getini nikiwaangalia mpaka kwenye kona ya kituo cha magari, bibi mbele na mtoto mgongoni. Binti alikuwa anatembea nyuma yao, akikaa upande ule ambao mtoto hatazami, ili asimwone akaanza kulia tena.